Mpira wa Kurudisha Mafuta

Mtu wa kwanza kutangaza kwamba pampu imekufa hakuwa hata ameigusa. Mpangaji mwenzetu huyo alisimama mlangoni mwa banda la uani, mikono mfukoni, akaisikiliza jenereta ikipanda, ikishuka, ikikohoa, mpaka ikazimika. "Pampu hiyo," akasema. "Imekufa." Kisha akaenda kununua mkate. Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa inasema pampu imekufa, na kila aliyesema alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

Nilikasirika tangu siku hiyo, na sijui kama hasira ile imekwisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2019, mgao wa umeme uliporudi Johannesburg kwa nguvu. Sisi wa Tanga tuliuita mgao. Wakongo waliuita delestaji. Wenyeji walisema eish na kuwasha mshumaa. Tuliishi Troyeville, katika nyumba kuukuu ya matofali iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Upande wa barabarani kulikuwa na maduka mawili. La kushoto lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama yangu, fundi wa kushona kanzu. La kulia lilikuwa la mama mmoja kutoka Uvira, aliyeuza samaki wa kugandisha na sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kutwangwa. Mjomba alikuwa na vyerehani vya umeme. Mama wa samaki alikuwa na majokofu yaliyojipanga ukutani kama masanduku ya watu wanaohama.

Cherehani kikikosa umeme, kanzu inasubiri. Samaki hasubiri. Mgao wa kabla ya hapo ulikuwa umemwozeshea jokofu zima, na nilimwona mwenyewe akiwabeba wale samaki kwenye mifuko myeusi, uso ukiwa umegeukia ukutani. Alituambia waziwazi kwamba samaki wakiharibika tena hana mtaji wa kuanzia. Atarudi kusuka nywele kwenye barabara za Joubert Park, kazi aliyoifanya miaka yake ya kwanza mjini, iliyomwachia vifundo vya mikono visivyofunguka vizuri asubuhi. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anavisugua. Kwa hiyo mtu anaposema "pampu imekufa" na kwenda kununua mkate, nataka ajue anamzika nani.

Jenereta yenyewe waliinunua pamoja, mjomba na yeye, kutoka kwa kampuni ya ujenzi iliyokuwa inafunga. Ilikuwa na injini ya dizeli ya zamani, nzito, ya kuaminika, yenye pampu ya mzunguko, ile ndogo ya duara inayogawa mafuta kwa kila silinda kwa zamu. Tangi lake lilikwisha kuliwa na kutu, likatupwa. Na hapo ndipo walipobuni utaratibu ambao sijawahi kuuona kwingine, na natumaini sitauona tena.

Kila upande ulikuwa na dumu lake la dizeli. La mjomba la bluu, la mama wa samaki la njano. Umeme ukikatika leo, injini inakunywa kwenye dumu la bluu. Ukikatika tena, inakunywa kwenye la njano. Zamu kwa zamu, haki kwa haki. Umeme ukirudi, kila mtu anabeba dumu lake na kulala nalo chumbani. Chumba chetu kilinuka dizeli mpaka mkate ulinuka dizeli. Niliwahi kumuuliza mjomba kwa nini wasinunue pipa moja, wakamimina pamoja. Alinitazama kama nimemshauri achangie mswaki.

"Wewe unawajua hawa watu?" aliniuliza.

Nilimwambia nawajua, tunaishi nao ukuta mmoja. Akasema kuishi ukuta mmoja si kujuana. Upande wa pili, nina hakika, mama wa samaki aliambiwa maneno hayohayo na watu wa kanisani kwake kuhusu sisi.

Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka Dar es Salaam, na karatasi zangu zilikuwa bado zinasubiri kutambuliwa kwenye ofisi fulani, kwa hiyo mchana nilikuwa nauza mablanketi kwenye duka moja Fordsburg. Mjomba aliniita "bwana injinia" kila aliponituma kununua uzi. Mama wa samaki naye aliniita "anjenyeri", lakini yeye hakuwa anacheka.

Siku injini ilipoanza kuzimika, ilifanya hivi: inawaka vizuri, inabeba mzigo, inakwenda muda wa kunywa chai, halafu mlio unaanza kupanda na kushuka kama mtu anayepandisha pumzi, kisha kimya. Ukisubiri kidogo inawaka tena, na mchezo ni uleule. Watu wa maombi wa mama wa samaki walikuja wakaizunguka, wakaiwekea mikono. Mimi siamini kwamba injini ina masikio, na nilisema hivyo, nikanyamazishwa. Lakini nitawatendea haki: wao hawakufungua nati yoyote. Katika wote walioigusa mashine ile, wao peke yao waliiacha kama walivyoikuta.

Fundi pampu alikuwa na karakana yake karibu na duka nilikofanyia kazi. Alikuja, akaisikiliza kwa muda mfupi kuliko hata yule wa mkate, akasema hizi pampu za zamani zikifika hapa hazina tiba, zing'olewe, yeye ana nyingine iliyotumika, nzuri kabisa, ya injini hiihii. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni pampu. Akasema kwa uzoefu. Nikamuuliza kama amepima mafuta yanayofika kwenye pampu. Akasema tena, kwa uzoefu. Nikamwambia uzoefu si kipimo. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Mjomba, mwachie mtu afanye kazi yake," akaninong'oneza. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na siku ile jina lile lilinichoma.

Basi pampu iling'olewa, lakini niliing'oa mwenyewe. Nilikwangua alama kwa ncha ya bisibisi, nusu juu ya pampu na nusu juu ya mwili wa injini, ili ikirudi irudi palepale ilipokuwa. Niliibeba kwenye begi mpaka karakanani na nikagoma kuiacha. Nilitaka kuiona ikizungushwa kwenye meza ya majaribio. Fundi alinuna, akaifunga kwenye meza, akawasha. Mafuta yakatoka kwenye kila njia, sawa kwa sawa, kwenye kila mwendo tuliojaribu. Vichupa vya kioo vya kupokelea mafuta vilijaa kwa pamoja kama vimepimwa na mtu mwenye wasiwasi.

"Unaona?" nikamwambia.

"Meza si injini," akajibu.

Nilitamani kumtukana. Baadaye niligundua kwamba hiyo ndiyo kauli pekee ya kweli aliyoitoa, ingawa hakuitoa kwa sababu aliielewa. Aliitoa ili nimwachie pampu.

Sikumwachia. Niliirudisha Troyeville, nikaifunga alama kwa alama, nikatoa upepo, ile hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta: unalegeza skrubu ya chujio, unapiga kile kishikio kidogo cha mkono, mafuta yanatoka na mapovu, halafu mapovu yanakwisha, unakaza, kisha pampu, vivyo hivyo, kisha mabomba ya nozeli. Injini ikawaka. Ikaenda muda wa chai. Ikafa. Mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda dau, kwamba fundi alikuwa ametuambia.

Siku iliyofuata ratiba ilionyesha kwamba zamu ya mtaa wetu kukatiwa ingeanza mchana na kurudi tena jioni, na kesho yake vilevile. Mama wa samaki alikuwa ameingiza mzigo mpya, maana Wakongo wa mtaani walikuwa na harusi Jumamosi na walishaagiza. Alikuja bandani umeme ukiwa umekwisha kukatika, akasimama nyuma yangu. Hakulia wala hakunihimiza. Aliniuliza tu:

"Anjenyeri, niwaambie watu wa harusi watafute kwingine? Niambie kweli. Wakiniambia nimewadanganya, hawatarudi."

Nilimwambia asiwaambie bado. Akasema jokofu likifungwa vizuri lina nguvu ya kushika baridi mpaka jioni, zaidi ya hapo hapana, na amekataza mtu yeyote kufungua mlango.

Nikaanza upya, kwa kukataa kila kitu nilichoambiwa. Kwanza nilikataa kwamba ni pampu, kwa sababu niliiona kwa macho yangu mezani. Nikashuku hewa. Mafuta yalikuwa yanavutwa kutoka chini, dumu likiwa sakafuni, na mpira unaovuta kutoka chini ukipasuka hautoi tone nje. Unaingiza hewa ndani, na wewe unazunguka na tochi ukitafuta uvujaji usioonekana. Mpira ule ulikuwa umekunjwa na kunyooshwa kila zamu, bluu kwenda njano, njano kwenda bluu. Nilikuwa na hakika nimempata mchawi. Nikatoa kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa aina ile wanayouza kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo, nikakiunga katikati ya njia, nikawasha, nikapiga magoti kutazama. Mafuta yalipita safi. Hakuna povu hata moja. Injini ikafa mbele yangu, kipande cha mpira kikiwa kimejaa mafuta pomoni.

Hapo nilirusha spana. Iligonga bati la banda na mjomba akatoka kuuliza kama nimeamua kubomoa nyumba.

Mafuta yanafika. Pampu ni nzima. Hewa hakuna. Basi mafuta yanakwama wapi? Pampu ya aina ile hupokea mafuta mengi kuliko inayohitaji. Mengine huyasukuma kwenye silinda yakachomwe, mengine hujipaka na kujipoza nayo, na yanayobaki huyarudisha kupitia mpira wa pili, mwembamba, mpaka kwenye dumu. Niliwasha tena. Mlio ulipoanza kupanda na kushuka, nililegeza nati ya mpira ule mwembamba, pale pale kwenye pampu. Mafuta yakaruka kwa nguvu yakanipiga shavuni, na injini, palepale, ikanyooka. Ikakaa kwenye mlio mmoja, mtamu, kama isiyowahi kuugua.

Nikafuata mpira. Ulikuwa mzima, haukukunjwa popote. Nikauchomoa kwenye dumu la bluu, nikaukamua kwa vidole kutoka juu kwenda chini, na karibu na ncha nikakuta pagumu. Nikaukata kwa wembe. Ndani kulikuwa na kijiti kilichochongwa vizuri, duara, kikasukumwa mpaka kisionekane. Upande mmoja kilikuwa bado na rangi ya vanishi. Ilikuwa mbao ya henga. Nyumbani kwetu mtu mmoja tu alikuwa na henga za mbao, naye alitundika kanzu juu yake.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mafuta hayakuwa na pa kurudi, tumbo la pampu likajaa, msukumo ukapanda, pampu ikajikaba yenyewe. Injini ikizimika, msukumo unapungua taratibu, ndiyo maana iliwaka tena baada ya kusubiri. Na mezani kwa fundi ilifanya vizuri kwa sababu meza ina mpira wake wa kurudisha, usio na henga ndani.

Nilimkuta mjomba akitia kifungo. Nikaweka kijiti juu ya kanzu.

Hakukana. Nitampa hilo. Alisema zamu moja ya bluu mtu alihamisha mpira wa kunyonya na kuusahau ule mwembamba kwenye dumu la njano. Yeye alikuwa amekaa pale na aliona kwa macho yake: dumu lake linashuka, la jirani linapanda. Alikaa akitazama mafuta yake yakihama. Siku ya pili akachonga.

"Ningefanya nini?" akaniuliza.

"Ungeuliza."

"Nimuulize nani? Wewe? Ungenipa somo mpaka adhuhuri."

"Ungehamisha mpira, mjomba. Mipira miwili, dumu moja. Basi."

"Na wao wakiurudisha nikigeuka?"

Hiki ndicho kilichonichoma kuliko vyote. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona jambo halisi, ameliona vizuri kuliko fundi pampu na uzoefu wake wote, na akalitafsiri kwa njia moja tu aliyokuwa nayo: kuna mtu ananiibia. Ilikuwa rahisi kwake kuchonga kijiti kwa subira, kukisugua mpaka kikawa laini, kuliko kubisha mlango ulio hatua chache kutoka kwenye cherehani chake. Na wiki nzima alinitazama nikihangaika, nikibeba pampu mjini, nikirukiwa na mafuta usoni, na alikuwa kweli anaamini kwamba pampu imekufa. Hakuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Kijiti kilikuwa kwa ajili ya jirani, injini ingeathirikaje?

Nilimwambia aende akamwambie mama wa samaki mwenyewe. Akasema atamwambia, Mungu akipenda, na akarudi kwenye kifungo chake.

Nikaenda mimi. Nilimkuta kwenye kiti mbele ya majokofu, kama mlinzi. Nilimwambia nimepata ugonjwa, si pampu, na injini itawaka sasa hivi. Nikafungua mdomo kumwambia la pili, akainua mkono.

"Usiniambie ni nani," akasema. "Mutoto wangu, mimi ninalala hapa. Nikijua, nitakuwa ninamwona hivyo kila asubuhi. Niambie tu kama itaendelea kuwaka."

Nilimjibu kwamba haitaendelea, ndiyo shida. Kama madumu yatabaki mawili, mtu atasahau mpira tena, mtu ataona mafuta yakihama tena, na kutakuwa na kijiti kingine, au kitambaa, au ngumi. Nilimwambia ukweli hauwezi kukatwa nusu, achukue nusu inayompendeza aache nyingine. Nilikuwa nimepandisha sauti. Alinitazama kwa uchovu na kusema kwamba shule ilinifundisha mashine, watu bado.

Sikubaliani naye mpaka leo. Nimesikia maneno hayo kwa watu wengi, na kila mara yanatumika kumnyamazisha yule anayeuliza, kamwe si yule anayeziba.

Kwa hiyo nilifanya alichonikataza. Nilirudi bandani, nikawasha injini, nikaiacha ingurume. Majokofu yakaanza kuvuma, na watu wote wa nyumba wakatoka uani, maana mlio ule ulikuwa haujasikika ukidumu kwa siku kadhaa. Wengine walipiga makofi. Yule wa mkate alisema fundi ameitengeneza vizuri kweli ile pampu. Mjomba alikuwa kizingitini, futi yake ya kupimia shingoni. Nikakiinua kijiti.

"Pampu haikuwa na ugonjwa," nikasema. "Hiki kilikuwa ndani ya mpira wa kurudisha mafuta. Mjomba wangu alikiweka, kwa sababu alidhani jirani yake ni mwizi."

Mama wa samaki alifumba macho. Mjomba alinitazama mimi, si yeye.

"Umesoma ili uje unitangaze uani?" akasema.

"Mwambie yeye, usiniambie mimi."

Aliingia ndani, na nilidhani ndiyo basi, ameingia kufunga mizigo yangu. Akatoka na lile pipa la plastiki alilokuwa anawekea mabaki ya vitambaa. Akayamwaga mabaki yote uani, rangi zote, akapangusa pipa ndani kwa upande wa mkono wa kanzu yake mwenyewe, akaliweka karibu na injini. Kisha akabeba dumu la bluu, akamimina mpaka tone la mwisho. Haikuwa toba. Alikuwa na hasira kama mimi.

"Leteni la njano," akasema kwa watu wote. "Asije mtu akasema watu wa Tanga ni wachoyo."

Mama wa samaki alilitazama pipa. Nilijua anafikiria wale wa harusi, na vifundo vya mikono yake, na pia lile neno, mwizi, ambalo sasa lilikuwa limesemwa mchana mweupe na haliwezi kurudishwa. Kisha akaenda kulileta dumu lake. Hakumpa mtu ambebee. Alimimina naye mpaka tone la mwisho, bila kumtazama mjomba, nami nikaitia mipira yote miwili ndani ya pipa moja.

Nilibadilisha mpira wa kurudisha. Mahali pa ule mweusi niliweka mweupe unaoonyesha, wote, kutoka pampuni mpaka pipani, ili mtu yeyote mwenye mashaka atumie macho yake.

Samaki walifika harusini wakiwa wagumu kama mawe. Mama wa samaki hakunishukuru, na alimwambia mke wa mchungaji kwamba anjenyeri ana akili lakini hana adabu. Mjomba alikaa muda mrefu akinipa chakula bila salamu. Alisukuma sahani tu, mimi nikaipokea tu, na hasira zetu zikakaa mezani kama mgeni wa tatu. Sikuomba msamaha. Naye hakuomba, kwangu wala kwa jirani.

Lakini mgao uliofuata, nilipotoka uani jioni ile kukagua injini, nilimkuta amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, miwani puani, uso karibu kabisa na ule mpira mweupe. Ukutani kwa jirani majokofu yalikuwa yanavuma. Mafuta yalikuwa yanapita ndani ya mpira, membamba, ya rangi ya chai, yakishuka pipani bila kukatika. Hakugeuka aliposikia hatua zangu.

"Yanarudi," akasema. Alikuwa anaiambia pampu.